Daftari la Kikohozi

Mara ya kwanza niliposikia ule mlio, nilidhani mbwa ameingia uani. Mume wangu naye alidhani hivyohivyo, maana aliruka kitandani akachukua fimbo nyuma ya mlango. Mtaa wetu wa Kariakoo haukuwa na mbwa. Tulikaa kimya tukisikiliza, yeye na fimbo yake mkononi, na mbwa akabweka tena, safari hii katikati yetu. Niliwasha kibatari. Binti yetu alikuwa amekaa kitako kwenye godoro, macho yamemtoka, anatushangaa kama sisi tulivyokuwa tunamshangaa.

Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Jioni alilala na mafua madogo tu, kama watoto wote wa nyumba ile wakati wa kipupwe. Sasa kila akikohoa ilitoka sauti nene, kavu, isiyolingana kabisa na kifua kile ambacho kiganja changu kilikifunika chote. Na alipovuta pumzi baada ya kikohozi kulikuwa na mlio mwingine, mwembamba, kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa polepole. Kikohozi kilinishtua. Mlio huu wa pili ndio ulionitia hofu.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi mrefu katikati, na nyuma uani penye jiko, bomba na choo. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye babu yake alitoka Uarabuni akafungua duka mtaa wa pili. Alikaa chumba cha mbele mkono wa kulia, na hakuna jambo lililopita ukumbini bila yeye kulijua. Kulipokucha alikuwa wa kwanza kubisha hodi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nani kafuga mbwa nyumbani kwangu?"

Aliniita mwalimu kwa sababu kweli nilikuwa mwalimu wake. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila mtaa ulikuwa na darasa la watu wazima. Balozi wa nyumba kumi alipogundua kwamba mimi, Mchaga mgeni mjini, nimemaliza darasa la nane, alinipa boksi la chaki, ubao, na daftari kubwa la mahudhurio. Darasa lilikuwa jioni, ukumbini kwetu, mara tatu kwa wiki. Mwenye nyumba alisoma herufi za Kiarabu tangu utotoni, lakini herufi hizi za kizungu alizianza na mimi. Kwa hiyo mimi nilimwamkia shikamoo, yeye akanijibu marahaba mwalimu, na wote wawili tuliona ni sawa.

Binti yangu akabweka mikononi mwangu. Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kimeo," alisema. "Kimeo kimerefuka."

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, mwanzo wa koo. Watu waliamini kwamba kwa watoto wengine kinarefuka mpaka kinagusa koo na kuwakohoza, na dawa yake ni kukipunguza. Sikuweza kusema hii ni imani ya pwani tu. Kwetu mlimani tulikiita kilimi, na huko nako walikuwapo watu wa kukikata. Sikuwa na pa kuegemea. Pwani na bara walikuwa wameshakubaliana.

"Tukione kwanza," alisema fundi cherehani wa chumba cha mbele mkono wa kushoto, ambaye alikuwa ameshafika na tochi.

Yaliyofuata naweza kuyaeleza kwa mpangilio kwa sababu baadaye niliyaandika. Mume wangu alimshika mtoto miguu. Mimi nilimshika mikono. Bibi aliweka mpini wa kijiko juu ya ulimi wake, fundi akamulika. Mtoto alipiga kelele, akajinyonga, akatema kijiko. Bibi akarudia.

"Nakiona!" fundi alisema. "Hicho hapo. Kirefu kama kidole cha mwisho."

"Wewe unaona ulimi," Bibi alimwambia. "Sogea. Ndiyo. Ndiyo, kirefu."

Mume wangu naye aliangalia. Aliniambia baadaye hakuona kitu isipokuwa uji wa asubuhi, lakini wakati ule alisema "mh" kama mtu aliyeona. Wapangaji wengine wawili waliopita kwenda bombani nao walipewa nafasi. Tulipomwachia, mtoto alikuwa amelia mpaka hana sauti, na ule mlio wa bawaba sasa ulisikika kila alipovuta pumzi, mpaka barazani. Kwa wote waliokuwa pale, huo ulikuwa ushahidi. Kimeo kinambana, si mnasikia?

Bibi alimfahamu mkataji, mzee wa upande wa Mchikichini, aliyewakata watoto wa nyumba nyingi za mtaa. Leo ilikuwa Alhamisi, na mzee alikuwa safarini. Kesho ni Ijumaa, na Ijumaa hakati.

"Jumamosi asubuhi atakuja hapahapa," Bibi alisema. "Nitamtumia habari leo. Ni kitu cha dakika moja."

"Sawa, Bibi. Ahsante," mume wangu alijibu.

"Anakata kwa kitu gani?" niliuliza.

"Kwa chuma chake."

"Anakichemsha?"

"Mwalimu, umeanza."

Nilikuwa nimeanza kweli. Sikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Mwenye nyumba yule alitupokea wakati hatuna tunayemjua mjini. Alinionyesha jinsi ya kumkanda mtoto mchanga. Alinipigania foleni ya sukari. Isitoshe, sikuwa na jambo la kusema badala ya lake. Nilikuwa na maswali tu. Kama kimeo ni kirefu, kwa nini kilirefuka Jumatano usiku? Jana mchana kilikuwa wapi? Na kwa nini mtoto anayebweka saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi anacheza na mfuniko wa sufuria kama hana lolote?

Baba yangu, kule mlimani, aliandika siku za mvua kwa chaki kwenye mlango wa ghala la kahawa, nasi tulicheka, mpaka siku alipobishana na jirani kuhusu mvua za mwaka uliopita, akamwonyesha mlango. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikaligeuza, nikaanza kuandika kurasa za nyuma. Safu ya kwanza saa, ya pili mahali, ya tatu kilichofanyika, ya nne mtoto alivyokuwa. Kalamu niliifunga kwa uzi kwenye daftari.

Fundi cherehani alinikuta naandika mlangoni.

"Mwalimu, unamwita majina? Kikohozi nacho kimeandikishwa shule?"

"Kimeandikishwa."

"Basi kiwekee alama ya utoro mchana. Mchana hakiji."

Alisema kwa utani, lakini lilikuwa neno la mtu mwenye masikio. Nililiandika pia.

Siku ile ya Alhamisi Bibi hakukaa bure. Saa nane mchana alileta chetezo cha makaa, akatia ubani, tukafunga mlango na dirisha ili moshi usipotee. Nikaandika: ndani, ubani, anakohoa mara saba. Saa kumi na mbili jioni alileta sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, tukajifunika blanketi mimi na mtoto. Mtoto aliogopa giza la blanketi, akalia, akapiga teke sufuria, maji yakanichoma kifundo cha mguu. Nikaandika: ndani, mvuke, analia, mlio. Safu ya nne ilianza kujirudia. Mahali palipoandikwa "analia", mstari huohuo ulikuwa na neno "mlio". Nilipiga mstari chini ya maneno hayo mawili bila kujua nimepata nini.

Usiku wa Alhamisi ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mafuta ya taa yalikuwa haba siku zile, tukakaa gizani, nikihesabu pumzi kwa vidole. Tulikuwa tumeziba hata ufa wa dirisha kwa kitambaa, maana baridi ya kipupwe ndiyo tuliyoilaumu. Ilipokaribia alfajiri mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu hata sikuweza kumlaza. Bibi, aliyeamka kwa ajili ya sala, aligonga.

"Nipe," alisema. "Wewe umechoka, na mtoto anajua umechoka."

Alimfunga kwa kanga yake, akamtoa uani. Niliwafuata. Kulikuwa na baridi, bati la jiko likidondosha umande. Bibi alizunguka kutoka bombani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka bombani, akinong'ona dua, mtoto kichwa begani, wima. Kwenye mzunguko wa nne au wa tano niligundua kwamba sisikii kitu. Nilidhani amezimia. Nilisogea. Alikuwa anapumua tu, kama watoto wanavyopumua, macho wazi, anatazama nyota ya mwisho juu ya ukuta.

"Dua," Bibi alisema.

Nilirudi ndani nikaandika kwa kupapasa: alfajiri, nje, Bibi kambeba, kimya.

Asubuhi ile ya Ijumaa sikumuaga mtu. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikachukua kadi yake ya kliniki na daftari, nikaenda zahanati. Foleni ilitoka nje mpaka kwenye mtaro. Mganga msaidizi alikuwa kijana wa koti jeupe lisilo na kifungo cha juu. Nilikuwa bado nyuma ya watu kumi na tano hivi mtoto alipobweka, naye akatoa kichwa mlangoni.

"Yule anayekohoa vile, aje kwanza."

Alinikalisha kwenye kiti, mtoto mapajani kwangu. Hakutaka alazwe kitandani. Alisoma kadi: chanjo ya dondakoo amepata zote? Amepata. Vizuri. Akamwinulia gauni, lakini hakumgusa. Alitazama tu tumbo na mbavu, kwa muda mrefu, akiangalia saa ya ukutani. Nami nilitazama alipotazama, nikahesabu naye.

Nilingoja achukue kijiko. Hakuchukua.

"Huangalii koo?" niliuliza.

"Koo nimelisikia tangu ukiwa kwenye foleni. Nyumbani wamemwangalia?"

"Wote."

"Kwa kitu gani? Kwa mkono?"

"Kwa kijiko."

Aliweka kalamu chini. Akachukua kipande cha karatasi, akachora duara mbili, moja kubwa kama shilingi, moja ndogo kama tundu la kifungo.

"Hii kubwa ni njia ya hewa yako. Hii ndogo ni ya mtoto. Mafua yamemshuka hapa chini, kwenye zoloto, mahali sauti inapotokea, pamevimba kidogo." Akatia wino kuzunguka ndani ya duara zote mbili, upana uleule. Duara kubwa ilibaki na nafasi tele. Ndogo ilibaki na nukta. "Wewe ungekauka sauti siku mbili, ukanywa chai, ukasahau. Yeye anabweka. Na akilia, anavuta hewa kwa nguvu, na hii nukta inajibana zaidi. Mkimshika kinywa kwa nguvu, mnambana wenyewe."

"Na kimeo?"

"Kimeo kiko juu, huku. Ugonjwa uko chini, huku. Ni kama kung'oa kitasa cha mlango wa mbele kwa sababu bomba la uani limeziba."

Niliuliza ugonjwa unaitwaje. Alisema kwenye kitabu chake cha chuo unaitwa krupu. Jina la Kiswahili hajawahi kulisikia, labda halipo. Nilishangaa kwamba kitu kinachojulikana hivyo kwa masikio hakina jina kwetu, na kwamba kwa kukosa jina ndiyo maana kilikuwa kinaitwa kimeo. Niliandika: krupu.

Hapo ndipo alipoliona daftari. Alilivuta, akalisoma kurasa zote mbili, kidole kikishuka kwenye safu ya nne. Kidole kilisimama kwenye alfajiri.

"Bibi ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Ndiye daktari wenu, ila hajui. Hewa baridi, mtoto wima, begani kwa mtu aliyetulia. Mimi sina kubwa zaidi ya hilo."

"Yeye anasema ni dua."

"Sitabishana naye. Mwambie aisome dua hiyo nje."

Alinieleza mengine, nami niliandika yote. Moshi wa ubani na makaa basi. Mvuke alifundishwa chuoni, lakini amepokea watoto wengi walioungua kwa sufuria kuliko waliopona kwa mvuke, na akatazama kifundo changu. Maji kidogokidogo ya kunywa. Dirisha wazi. Kisha akanionyesha kwa kidole chake mwenyewe, kwenye shati lake, mahali pa kutazama: ngozi chini ya mbavu ikiwa inazama ndani kila pumzi hata mtoto akiwa ametulia, au midomo ikibadilika rangi, au akidondosha mate asiweze kumeza, au akilegea asitake hata kulia.

"Ukiona moja ya hayo, hospitali kubwa, saa hiyohiyo, wala usipitie kwangu. Wengi hawafiki huko. Wengi siku ya tatu wameshapona."

"Siku ya tatu ni kesho," nilisema. "Na kesho kuna mtu anakuja kumkata kimeo."

"Kidonda na damu juu ya koo lililovimba," alisema. "Na kilio juu yake. Usikubali."

"Nimwambie nini mwenye nyumba?"

"Mwambie mimi nimesema."

"Wewe ni sawa na mjukuu wake."

Alicheka. "Basi usimwambie. Muulize. Naona kuuliza unaweza."

Mume wangu alikuja kula mchana kutoka duka la jumla la mjomba wake karibu na soko, alikokuwa anapima maharage. Nilimwonyesha karatasi ya duara mbili. Aliielewa, maana mtu wa mizani huelewa vipimo. Lakini alikuna kichwa.

"Mzee ameshaitwa. Bibi amemwita kwa jina lake. Tukikataa mlangoni tutakuwa tumemvunjia heshima mbele ya mtaa mzima. Tunaishi chini ya paa lake."

"Na mtoto?"

"Sijasema akatwe. Nasema sijui tutasemaje."

Hata mimi sikujua. Mchana ule wote nilijaribu sentensi kichwani, zikitoka ama za kijeuri ama za kuomba radhi.

Jioni wanafunzi wangu saba walikaa kwenye mikeka ukumbini. Mtoto alikuwa mapajani kwa Bibi, kama kawaida ya siku za darasa, mlango wa mbele wazi. Nilianza kuita majina, nikalifungua daftari, na kwa haraka nikalifungua upande wa nyuma.

"Lete niuone utoro wa kikohozi," Bibi alisema, akanyoosha mkono. Darasa likacheka. Fundi alikuwa ameshawahadithia.

Nilimpa. Sikumpa kwa ujanja. Mwanafunzi akitaka kusoma, mwalimu hamnyimi. Aliliweka mbali na macho, juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kwa sauti ileile ya kusoma ubao.

"A-l-ha-mi-si. Ki-ji-ko. A-na-li-a. Mli-o." Akashuka. "U-ba-ni. A-na-ko-ho-a ma-ra sa-ba." Akanitazama juu ya daftari. "Ubani wangu?"

"Wako, Bibi."

Aliendelea, na darasa likaacha kucheka kwa sababu lilikuwa linamsaidia kimyakimya, midomo ikitembea. "Al-fa-ji-ri. Nje. Bi-bi ka-m-be-ba. Ki-mya." Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena, sasa bila kukata. "Bibi huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Umeniandika."

"Nimeandika nilichoona."

Nadhani Bibi hakuwahi kujiona kwenye maandishi haya kabla ya jioni ile, na alikuwa anayakagua kama mtu anavyokagua picha yake. Nikakumbuka yale ya zahanati, kwamba nimuulize.

"Bibi, nikuulize. Mwanao mkubwa alikatwa kimeo?"

"Alikatwa. Akiwa na miaka miwili. Na leo ni baba wa watu, anabeba magunia bandarini."

"Kikohozi kiliisha siku ya ngapi?"

"Siku hiyohiyo. Au ya pili yake."

"Na kabla ya kukatwa alikuwa amekohoa siku ngapi?"

Alihesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto. "Mbili. Tatu."

"Kilirudi?"

"Kipupwe kilichofuata. Vilevile, kama mbwa. Nikasema kimeo kimeota upya. Baba yake akakataa asikatwe tena. Ile damu ya kwanza ilimshinda kuiangalia."

"Kwa hiyo mara ya pili hakukatwa."

"Hakukatwa."

"Na kikaisha?"

"Kikaisha." Alinitazama, kisha akatazama daftari, kisha akatazama utosi wa binti yangu. "Kwa nini?"

Ningeweza kutoa karatasi ya duara mbili. Nilikuwa nayo mfukoni. Lakini swali lilikuwa lake, nikaliacha kwake.

"Andika ubaoni, mwalimu," alisema, akafunga daftari. "Muda wa serikali unakwisha."

Usiku ule tuliacha dirisha wazi na kumweka mtoto wima kifuani kwa zamu. Alikohoa, lakini sauti ilikuwa imelainika, na mlio wa bawaba nilisikia mara mbili tu. Kilichoninyima usingizi hakikuwa kikohozi; ilikuwa asubuhi inayokuja. Mume wangu alikuwa ameamua kutokwenda dukani. Tulikubaliana kwamba mimi nitasema, naye atasimama karibu yangu, na kama tutafukuzwa chumba, basi tutafukuzwa wawili.

Mzee alifika jua likiwa limepanda kidogo. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, na mkononi alikuwa na kifurushi chembamba cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi. Nilikitazama kile kifurushi kuliko nilivyomtazama yeye. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na sentensi yangu tayari. Bibi alikuwa ameshakaa barazani na binti yangu mapajani.

Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana wajukuu. Kahawa ilikuwa tayari. Hatimaye mzee aliweka kikombe chini.

"Mgonjwa ndiye huyu?"

"Ndiye," Bibi alisema. "Lakini hafunguliwi kinywa."

Sentensi yangu ilinitoka kichwani.

"Sasa nitamwonaje?"

"Msikilize. Koo linasikika."

Mzee alimtazama kama mtu anayetaka kujua utani umeanzia wapi, kisha akainama, akatega sikio. Mtoto, kwa bahati, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mafua tu, chenye maji.

"Hiki kinaondoka," mzee alisema.

"Kinaondoka."

"Basi mmeniita nifanye nini? Nimetoka Mchikichini kwa miguu."

"Nimekuita tunywe kahawa. Tangu Idi hujapita hapa. Na kashata hiyo, chukua."

Mzee alicheka kifuani, akachukua kashata. Nilishuka kutoka kizingitini. Mume wangu alinivuta kanga kwa nyuma, lakini nilikuwa nimeshafika.

"Shikamoo Babu. Naomba kukuuliza."

"Ameanza," Bibi alisema kwa mzee. "Jibu tu, hutapona."

"Watoto wakianza kukohoa, huwa wanaletwa kwako siku ya kwanza, au ya pili, au ya ngapi?"

Mzee alitafuna, akafikiri. Hakukasirika. Alifikiri kama fundi aliyeulizwa kuhusu kazi yake. "Siku ya kwanza hawaji. Watu husubiri waone. Wengi ni ya pili, ya tatu." Akanitazama. "Mwalimu wa nini wewe?"

"Wa kusoma na kuandika."

"Swali hilo sijaulizwa na mtu," alisema. Aliinuka, akaaga, akaenda zake upande wa Msimbazi na kifurushi chake bado kimefungwa uzi. Sidhani kwamba aliacha kukata siku ile. Watoto waliendelea kupelekwa kwake miaka mingi baadaye, na mimi sikuwa na njia ya kuuliza kila nyumba.

Fundi cherehani, aliyekuwa ameshuhudia yote kutoka kwenye mashine yake, alitoa kichwa dirishani akabweka. Alibweka vizuri sana, kwa sauti ileile ya Jumatano. Binti yangu aligeuka kumtafuta mbwa, akamwona fundi, akacheka, kichwa nyuma, kinywa wazi kabisa, jua la asubuhi likiingia moja kwa moja.

Bibi naye aliinama kutazama, vichwa vyetu vikagongana. Kilikuwa pale nyuma, chekundu, kikitingishika kwa kicheko.

"Ndicho hicho?" Bibi alisema. "Mbona kidogo hivi?"

Nilikwenda kuleta daftari. Nilipotaka kuandika alininyang'anya kalamu, uzi ukanyooka kati yetu, akaliweka daftari juu ya goti ambalo mtoto hakulikalia. Alichukua muda. Saa aliniuliza, nikamtajia. Mahali aliandika "nje". Kwenye safu ya nne, kwa herufi kubwa zilizopanda juu ya mstari, aliandika "kimeo kipo".